Sakafu za Japani: kutoka udongo wa kushindilia hadi mbao za kiwandani

Ukisoma tangazo la nyumba ya kupanga mjini Tokyo, utaona chumba kimeandikwa kuwa cha jo 6 au jo 8 hata kama ndani yake hamna tatami hata moja. Jo ni eneo la tatami moja, tandiko nene la mabua ya mpunga na nyasi lililofunika vyumba vya Wajapani kwa karne nyingi. Kanuni za matangazo ya nyumba nchini humo zinataka jo 1 isipungue mita za mraba 1.62, na zinatumika kwa chumba chochote, kiwe cha tatami, cha mbao au cha zulia. Nyumba nyingi mpya leo zina chumba kimoja tu cha tatami, na nyingine hazina kabisa.

Mabadiliko hayo mara nyingi huelezwa kama ushindi wa usasa juu ya ukale, au kama uigaji wa Magharibi. Maelezo hayo hayatoshi. Wajapani wamebadili karibu kila kitu kuhusu sakafu zao, isipokuwa jambo moja: kiatu cha nje hakivuki mlango na kuingia ndani. Kwa upande mwingine, wamepoteza jambo ambalo halizungumzwi sana, nalo ni sakafu inayoweza kutengenezwa upya kipande kwa kipande. Ili kulipima hilo, ni lazima kuzitazama sakafu zenyewe, zilivyojengwa na zilivyotumika.

Udongo chini, mbao juu

Watu wa zama za Jomon, maelfu ya miaka iliyopita, waliishi katika nyumba zilizochimbwa kidogo ardhini, na sakafu yao ilikuwa udongo wenyewe. Kilimo cha mpunga kiliposhika katika zama za Yayoi, ghala ndizo zilizotangulia kuinuliwa. Katika maeneo ya kale ya Toro, mkoani Shizuoka, na Yoshinogari, mkoani Saga, ghala hizo zimejengwa upya zionekane zilivyokuwa: sakafu ya mbao juu ya nguzo, na juu ya kila nguzo kibao kipana cha kuzuia panya wasipande. Nafaka iliepushwa na unyevu kabla ya binadamu. Baadaye sakafu ya juu ikawa alama ya heshima, katika mahekalu na katika majumba ya wakubwa.

Nyumba ya mkulima iliziweka sakafu hizo mbili chini ya paa moja. Upande mmoja ulikuwa doma, eneo la udongo ulioshindiliwa. Humo mlikuwa na meko, mitungi ya maji na nafasi ya kusuka kamba au kupura nafaka mvua inaponyesha. Katika nyumba zenye umbo la pembe za mkoa wa Iwate, farasi pia walikaa chini ya paa hilo hilo. Doma nzuri haikuwa udongo wa kawaida. Mafundi walichanganya udongo, chokaa na nigari, yaani maji machungu yanayobaki chumvi ikishatolewa kwenye maji ya bahari, kisha wakaupiga kwa magongo mpaka ukakaza. Matokeo yake ni sakafu ngumu isiyotoa vumbi jingi.

Upande wa pili ulikuwa sakafu ya mbao iliyoinuliwa, na hapo ndipo familia ilipokula kulizunguka jiko la irori na ilipolala. Kutoka doma hadi kwenye mbao mtu alivua viatu na kupanda. Mpaka huo uliwekwa na kazi na hali ya hewa kabla ya kuwa adabu. Matope ya shamba la mpunga yalibaki chini, na mahali pa kulala palibaki pakavu.

Uwazi chini ya sakafu una sababu yake. Kiangazi cha sehemu kubwa ya Japani kina joto na unyevu mwingi, na mtawa Yoshida Kenko aliwahi kushauri katika karne ya 14 kwamba nyumba ijengwe kwa kufikiria kiangazi. Nguzo zilisimama juu ya mawe, hewa ikapita chini, mbao zikakauka, na mchwa wakaonekana mapema. Sheria ya ujenzi ya mwaka 1950 na kanuni zake zilichukua hekima hiyo. Sakafu ya mbao ya ghorofa ya chini iwe angalau sentimita 45 kutoka ardhini, na kuta za nje ziwe na matundu ya hewa kila baada ya mita 5 au chini ya hapo, isipokuwa pale ambapo ardhi imezibwa kwa zege au kizuizi kingine cha unyevu. Gharama ya hekima hiyo ililipwa majira ya baridi, kwa kuwa hewa ile ile iliyokausha mbao iliigandisha miguu.

Mbao zenyewe, nyingi za hinoki na sugi, hazikupakwa rangi wala vanishi. Zilifutwa kwa kitambaa kila siku na kung'arishwa kwa mfuko wa pumba za mchele, ambazo mafuta yake huingia polepole kwenye ubao. Korido za mahekalu ya zamani zinang'aa kwa sababu ya mikono ya vizazi vingi. Katika jumba la Ninomaru la ngome ya Nijo, mjini Kyoto, korido hutoa mlio mfano wa ndege unapozikanyaga. Wengi huamini kwamba zilitengenezwa hivyo ili kumfichua mvamizi, lakini walinzi wa ngome hiyo hueleza kwamba mlio hutokana na vyuma vilivyoshika mbao kusuguana na misumari yake.

Tatami: fundi, kipimo na matengenezo

Msomaji anayeujua mkeka wa ukindu asidhani tatami ni kitu cha kukunjwa na kuegemezwa ukutani. Tatami ya asili ina tabaka la ndani la mabua ya mpunga yaliyopangwa kwa kupishana, yenye unene wa sentimita 40 hivi kabla ya kubanwa na kushonwa hadi kufikia sentimita 5 au 6. Uzito wake hufika kilo 30. Juu yake hushonwa uso wa nyasi ya igusa iliyofumwa, na kingo mbili ndefu hufunikwa kwa utepe wa kitambaa. Igusa hupandwa kwenye majaruba wakati wa baridi na kuvunwa mwanzoni mwa kiangazi, kisha huchovywa katika maji ya udongo kabla ya kukaushwa, na udongo huo husaidia kuilinda rangi na harufu yake. Sehemu kubwa mno ya igusa ya Japani hutoka mkoa wa Kumamoto, hasa eneo la Yatsushiro.

Hapo mwanzo tatami haikufunika chumba. Katika hazina ya Shosoin mjini Nara kumehifadhiwa mabaki ya matandiko yanayohusishwa na kitanda cha mfalme Shomu wa karne ya 8. Katika majumba ya makabaila wa Kyoto sakafu ilikuwa mbao tupu, na tatami iliwekwa mahali pa kukaa mtu wa cheo tu. Rangi na nakshi ya utepe wake zilionyesha cheo hicho. Ni katika zama za Muromachi ndipo tatami zilipotandazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba cha tatami nne na nusu kilichomo katika jengo la Togudo, lililojengwa mwaka 1486 kwa ajili ya Ashikaga Yoshimasa kwenye hekalu linalojulikana leo kama Ginkakuji, ni mfano maarufu wa mwanzo huo. Karne moja baadaye, Sen no Rikyu alikibana chumba cha chai hadi tatami mbili, katika kibanda cha Taian kilichopo Yamazaki.

Sakafu ilipofunikwa yote, nyumba ilibadilika. Hapakuwa na haja ya kiti, kwa kuwa sakafu yenyewe ilikuwa laini ya kutosha kukalia. Hapakuwa na haja ya kitanda, kwa kuwa godoro lilitandikwa usiku na kurudishwa kabatini asubuhi. Chumba kimoja kikawa cha kulia, cha kazi, cha wageni na cha kulala ndani ya siku moja. Familia maskini ya mjini iliyoishi katika chumba kimoja chembamba iliweza kuishi humo kwa sababu sakafu ilifanya kazi ya samani zote.

Tatami iligeuka pia kuwa kipimo, na hapa Kyoto na Edo zilitofautiana. Katika eneo la Kyoto na Osaka, chumba kilipangwa kwa tatami, kisha nguzo zikawekwa nje ya ukubwa huo. Tatami ya huko ni sentimita 191 kwa 95.5. Edo, yaani Tokyo ya sasa, walipima kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine, kisha tatami zikakatwa ziingie katika nafasi iliyobaki, na kipimo cha kawaida kikawa sentimita 176 kwa 88. Kwa sababu tatami za Osaka zilikuwa na ukubwa mmoja, mpangaji wa huko aliweza kukodi nyumba tupu, akaja na tatami zake, na alipohama akaondoka nazo.

Sifa kubwa ya tatami, kwa maoni yangu, ni jinsi inavyozeeka. Baada ya miaka michache uso wa igusa hugeuzwa, upande wa chini ukawa juu. Ukichakaa pande zote mbili, uso mpya hushonwa juu ya tabaka lile lile la mabua. Tabaka hilo nalo hubadilishwa baada ya muda mrefu zaidi, na kwa kuwa ni mabua na uzi, huweza kurudi shambani. Tatami moja ikilowa, hiyo moja hutolewa bila kugusa nyingine. Kazi yote hii hufanywa na fundi wa mtaani, ambaye huja kupima kila chumba, kwa sababu hakuna chumba chenye pembe sahihi kabisa na kila tatami hukatwa kwa nafasi yake. Ujuzi huo umo miongoni mwa fani za ujenzi wa mbao wa Japani zilizoingizwa na UNESCO mwaka 2020 katika orodha ya urithi usioshikika.

Kiti kinaingia nyumbani

Viti viliingia kwanza katika ofisi na shule za zama za Meiji, na nyumba nyingi zikabaki kama zilivyokuwa. Hata maduka makubwa ya Tokyo yaliwataka wateja wavue viatu mlangoni, na yaliiacha desturi hiyo kwa jumla baada ya tetemeko kuu la Kanto la mwaka 1923, yalipojengwa upya. Nyumbani, kwa waliojiweza, kiliongezwa chumba kimoja cha Kizungu cha kupokelea wageni.

Mageuzi ya kweli yalitokana na uhaba wa nyumba baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mchunguzi wa makazi Nishiyama Uzo alikuwa ameonyesha kwamba hata familia zenye nafasi finyu hujaribu kutenganisha mahali pa kulia na pa kulala. Mwaka 1951, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo wakiongozwa na Yoshitake Yasumi walichora ramani ya nyumba za umma iliyojulikana kama 51C. Ndani ya mita za mraba 40 hivi waliweka vyumba viwili vya tatami na jiko lenye sakafu ya mbao, pana kiasi cha kuingia meza ya chakula. Shirika la Nyumba la Japani, lililoanzishwa mwaka 1955, lilieneza mpango wa aina hiyo katika majengo ya ghorofa yanayoitwa danchi.

Uamuzi huo ulikuwa na matokeo makubwa kuliko ukubwa wa jiko lenyewe. Meza ikishasimama nyumbani, viti huifuata. Viti vikishazoeleka, sebule nayo huhitaji sakafu isiyotobolewa na miguu yake. Tatami huumizwa na uzito uliokusanyika mahali padogo, nayo mbao haijali. Wakati huo huo tatami za danchi zilipunguzwa hadi sentimita 170 kwa 85 hivi, ziingie kati ya kuta za zege. Chumba cha tatami 6 ambacho Kyoto kilikuwa na karibu mita za mraba 10.9, katika danchi kilikuwa na 8.7. Huwezi kutandika godoro la kila mtu katika chumba hicho na kuweka kabati la nguo na dawati la mtoto pia. Kwa hiyo tatami ilishindwa na samani, na samani zilikuja kwa sababu maisha yaligawanywa katika vyumba.

Zulia lilipata zama zake pia. Liliwekwa kwenye sebule nyingi wakati uchumi ulipokua, na mara nyingine juu ya tatami zenyewe. Katika hewa ya unyevu likawa makao ya utitiri wa vumbi, na hofu ya pumu na mzio ikalitoa majumbani tangu miaka ya 1980. Ndipo furoringu, sakafu ya vibao vya mbao, ilipotawala.

Furoringu na gharama zake

Furoringu inayotumika sana si ubao mzima. Ni plaiwudi yenye unene wa milimita 12 hivi, iliyofunikwa kwa ganda jembamba la mti, mara nyingi chini ya milimita 1, au kwa karatasi au plastiki iliyochapwa sura ya mbao. Huja kutoka kiwandani ikiwa imemalizika. Hufutika kirahisi, haijipindi ovyo kwa unyevu, na bei yake ni nafuu. Lakini ganda likichanika hakuna cha kupiga randa. Ubao mzima, ambao kwa kawaida una milimita 15, unaweza kusuguliwa na kuanza upya, ila bei yake ni kubwa na hutanuka na kusinyaa kwa majira.

Katika majengo ya ghorofa, mbao zilileta kelele. Tatami na zulia vilimeza sauti ya nyayo, furoringu ikaipeleka kwa jirani wa chini. Hivyo vikaja viwango vya kuzuia sauti, na kanuni za majengo mengi hutaka sakafu ya daraja la LL-45 au bora zaidi. Ili kulifikia, watengenezaji hubandika povu chini ya kila kibao, na ndiyo sababu sakafu ya ghorofani mara nyingi hubonyea kidogo unapoikanyaga.

Gharama nyingine ilikuwa ya kiafya. Gundi za plaiwudi na vifaa vingine vipya zilitoa fomaldehaidi, na katika nyumba zilizozibwa vizuri wakazi waliumwa kichwa, macho na koo. Sheria ya ujenzi ilirekebishwa, na tangu Julai 2003 vifaa hupewa madaraja, la juu kabisa likiwa na alama ya F na nyota nne, na nyumba mpya lazima ziwe na mtambo wa kuzungusha hewa saa 24. Hili ni jambo la kujivunia. Sakafu mpya ilikosea, na sheria ikaisahihisha.

Kuhusu baridi, sakafu ya kisasa imeshinda waziwazi. Mabomba ya maji moto chini ya mbao hupasha chumba kutoka miguuni, na tangu Aprili 2025 kila jengo jipya lazima litimize kiwango cha kuhifadhi nishati, ikiwemo kuzuia joto lisipotee. Anayeisifu nyumba ya zamani bila kukumbuka miguu iliyoganda Januari hamtendei haki bibi aliyekuwa akiamka alfajiri kuwasha moto.

Wazee nao wamebadili sakafu. Magoti yaliyochoka hayanyanyuki kirahisi kutoka chini, na tofauti ya sentimita chache kati ya tatami na ubao wa korido huweza kumwangusha mtu. Wajenzi sasa huzilinganisha sakafu zote za ndani, na mahekalu mengi huweka viti vifupi juu ya tatami wakati wa mazishi. Ngazi ya mlangoni pia imefupishwa, lakini haikuondolewa. Hata katika chumba kidogo cha mpangaji mmoja, kuna kipande cha sakafu cha viatu, na mwinuko, hata kama ni wa sentimita chache.

Majengo ya umma

Mpaka huo wa viatu umevuka hadi nje ya nyumba. Katika shule nyingi wanafunzi hubadili viatu mlangoni na kuvaa vya ndani. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria ya kuhimiza mbao katika majengo ya umma, ikarudisha sakafu za mbao katika shule ambazo zamani zingewekewa plastiki.

Mchango mkubwa wa Japani kwa sakafu za dunia, hata hivyo, si tatami. Ni vigae vyenye vinundu na mistari vinavyomwongoza asiyeona. Miyake Seiichi alivibuni mwaka 1965, na vya kwanza viliwekwa Okayama mwaka 1967, karibu na shule ya wasioona. Leo vimo katika stesheni za nchi nyingi. Ni fikra ile ile kwamba sakafu husomwa kwa mguu, sasa ikiwa imewekwa katika kazi ya kuokoa maisha.

Tatami nayo imeonyesha thamani yake wakati wa maafa. Baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011, waliokimbia makazi walilala juu ya sakafu ngumu na baridi za kumbi za michezo. Mafundi wa tatami waliungana na kuahidi kupeleka tatami 5,000 ndani ya siku 5 pale maafa yatakapotokea. Hakuna fundi wa furoringu anayeweza kutoa ahadi ya namna hiyo, kwa kuwa sakafu yake haing'oki na kusafirishwa.

Nini kitetewe

Wapo wanaoitetea tatami kwa sababu ni ya Kijapani. Hoja hiyo ni dhaifu, na biashara imeshaizunguka. Tatami nyingi za leo zina povu la plastiki au mbao za nyuzi ndani, uso wa karatasi iliyosokotwa au plastiki, na igusa nyingi hutoka China. Zinaonekana za Kijapani, na bado wakulima wa Yatsushiro wanapungua. Hoja yenye nguvu ni ile ya matengenezo. Nyumba ikitarajiwa kudumu miaka 50, sakafu yenye ganda la chini ya milimita 1 itachoka kabla yake, na kuibadilisha kutamaanisha kung'oa au kubandika nyingine juu yake.

Dalili njema zipo. Tatami nyembamba zenye kimo kimoja na mbao, nusu tatami zisizo na utepe zinazotandikwa katika kona ya sebule, na ubao mzima wa sugi unaokatwa mikoani vinapata wateja. Lakini vikiachwa vibaki mapambo ya wenye fedha, havitatosha. Serikali ilipogundua fomaldehaidi iliweka daraja na nyota. Inaweza kufanya hivyo kwa urahisi wa kutengeneza, ili mnunuzi ajue kabla ya kulipa kama sakafu yake itasuguliwa, itageuzwa au itatupwa. Japani haina haja ya kurudisha tatami katika kila chumba. Ina haja ya kuidai sakafu mpya ikubali kile ilichokubali ile ya zamani: kipande kimoja kikiharibika, fundi wa mtaani akitoe, akitengeneze na kukirudisha, na vingine vyote vibaki mahali pake.